Simu Isiyosikia Bipu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu haujaondoka vizuri katika mtaa wa Lumumba mjini Bunia, na Mama Hortense tayari ana matope hadi kwenye vifundo vya miguu. Mkononi ameshika mfuko wa nailoni wenye glavu, wembe ambao haujafunguliwa, uzi na kipande cha sabuni. Shingoni inaning'inia simu ndogo ya vitufe, imefungwa kwa kamba ya kiatu.

Anabisha hodi nyumba ya kwanza. Anamuuliza mama mjamzito amelalaje, mtoto amecheza au hakucheza, miguu imevimba au la. Anamgusa tumbo, anamtania kwamba huyu atatoka na kichwa kikubwa kama cha baba yake, kisha anatoka kwenda nyumba ya pili.

Leo ana nyumba sita za kuingia. Ya saba haingii. Anasimama mbele ya mlango wa bati, anakohoa ili walio ndani wajue yupo, anasubiri kidogo, halafu anaondoka. Amefanya hivyo kila asubuhi kwa miezi miwili, na mlango haujafunguliwa.

Hortense ni mkunga mwenye umri wa miaka hamsini na nne, na zamani hakuwa akizunguka namna hii. Mkunga huitwa, na yeye aliitwa kuliko wote. Sasa anasema hawezi tena kukaa nyumbani akingoja.

"Telefone ilinifanya kiziwi," anasema. "Na masikio yangu iko mazima."

Ili kumwelewa, lazima kwanza kuujua utaratibu wake. Akina mama wengi wa Lumumba hawana uniti za kupigia simu, kwa hiyo hubipu: unapiga, inalia mara moja, unakata. Mtu mwingine akibipiwa hupiga yeye kuuliza kuna nini. Hortense hakupiga. Aliiona namba, akachukua mfuko wake, akaja kwa miguu.

Mtaa mzima ulijua hilo. Ukimbipu Mama Hortense na simu yako ikabaki kimya, maana yake yuko njiani.

"Mutu iko na uchungu, unamuuliza nini tena?" anaeleza. "Unaenda tu."

Kazi hiyo alijifunza katika zahanati ya masista kabla ya vita. Vita vilipokuja hakuwa na simu, na watu walimfuata kwa kukatiza nyuma ya nyumba, wameinama. Alizalisha chini ya kitanda risasi zikipita juu ya mabati. Alizalisha wanawake wa upande wake na wa upande wa pili, na anakumbuka majina ya watoto wote wa mwaka ule wa 2003. Hakuna hata mmoja aliyemfia.

Malipo yake ni kile mtu alichonacho: faranga elfu tano, kuku, mara nyingi asante tu. Simu yake ya wakati huo, ya kioo cha kugusa, alinunuliwa na kaka yake huko Ariwara, ikiwa imeshatumika. Baada ya miaka mitatu ikawa nzito, imejaa matangazo, na betri inakufa kabla ya adhuhuri. Kuchaji dukani ni faranga mia mbili kila mara, na umeme wa nyumbani Lumumba ni habari za watu wengine.

Hapo ndipo anaingia Vahwere, fundi wa simu aliyehamia kutoka Butembo na kuweka meza yake chini ya mwavuli karibu na soko. Binti yake, Aimée, alizaliwa mikononi mwa Hortense, ndiyo maana mkunga humwita Papa Aimée. Vahwere alikuwa amejifunza peke yake, kwa kusoma mtandaoni, namna ya kuweka mfumo wa Linux katika simu ambazo watengenezaji wake wameshazisahau. Katika simu yake mwenyewe ulifanya kazi safi. Mwanzoni mwa Juni mwaka jana, 2016, akamwekea mama bure.

"Niliona namufanyia muzuri," Vahwere anasema. "Hakuna matangazo, hakuna virusi, telefone ya zamani inakuwa tena ya mupya."

Hortense alihangaika nayo tangu siku ya kwanza. Hakukuwa na kitufe cha kurudi nyuma. Kila kitu kilitaka kutelezesha kidole kutoka ukingoni, na vidole vyake vimekauka kwa sabuni na maji ya moto. WhatsApp haikuwemo, hivyo sauti za dada yake aliyeko Aru zikakatika. Alipobonyeza nyota na namba ili apokee pesa, ulikuja ukurasa mtupu. Maelezo yalikuwa ya Kifaransa, na Kifaransa yeye hukisoma pole pole, akitembeza kidole.

Alivumilia kwa sababu ya jambo moja: betri ilikaa siku tatu. Alijivuna nayo kanisani, akawaambia wenzake wampelekee Papa Aimée simu zao zote.

Hakujua, wala fundi hakujua, kwamba ilikaa siku tatu kwa sababu ilikuwa inalala usingizi mzito. Ikiachwa dakika chache bila kuguswa ilizima karibu kila kitu ndani yake, na mtu akiipiga ilihitaji muda kuamka. Aliyeiacha ilie mara tano au sita alipata. Aliyebipu hakupata kitu, na namba yake haikuonekana popote.

Katika wiki tatu za kwanza jambo hilo lilijificha. Hortense alizalisha mara mbili tu: mume wa mmoja alikuwa na uniti akapiga mpaka akaitikiwa, mume wa yule mwingine akaja mwenyewe na pikipiki.

Vahwere aliijaribu mara tu alipoikabidhi. Aliipiga mara nyingi kwa siku mbili, akaiacha ilie hadi mama aitike, na kila mara mama aliitika. Kubipu ndiko hakukujaribu. Akiulizwa kwa nini, anaiweka chini bisibisi yake.

"Mutu habipe muzazi wake," anasema. "Ni kumukosea heshima. Miye, kumubipe Mama Hortense? Hata haikunifika mu kichwa."

Jumamosi moja mwishoni mwa Juni, Débora, msichana wa miaka ishirini mwenye mimba ya kwanza, alishikwa na uchungu. Mume wake alikuwa mbali kwenye machimbo ya dhahabu, baba yake, mzee Léon, alikuwa ameenda kuangalia ng'ombe, na nyumbani alikuwepo dada yake tu, Félicité. Saa tatu asubuhi Félicité alimbipu mkunga. Simu ikabaki kimya, naye akashusha pumzi. Akaweka maji motoni, akatandika kitenge safi, akamwambia mdogo wake avumilie, mama anakuja.

Alibipu tena saa nne kasoro, akidhani labda mama amekutana na mtu njiani. Kisha tena, na tena. Hakuthubutu kumwacha Débora peke yake. Hadi karibu na saa sita alikuwa amebipu mara kumi na moja.

Wakati huo Hortense alikuwa nyumbani kwake, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Alikuwa anachagua maharage. Simu ilikuwa juu ya meza mbele yake, nzima, ina chaji. Anakumbuka hata kuifuta vumbi kwa pindo la kitenge. Félicité alipotoka mbio hatimaye, alimkuta ameketi, ungo mapajani.

Mtoto alitanguliza miguu, na kichwa kilikuwa kimekwama. Alikuwa wa kiume. Débora aliokolewa hospitalini, lakini mtoto alikuwa amekwisha kufa.

"Wa miguu nimetoa wengi," Hortense anasema. "Ule ningemutoa. Mu vita sikuua mutoto. Nimekuja kumuua mu amani, na maharagi mu mikono."

Amani yenyewe ni ya kutembea juu ya vidole. Wakati wa vita familia ya Hortense na ya mzee Léon zilikimbilia pande mbili tofauti, na ziliporudi zikajenga tena katika mtaa mmoja, zikasalimiana, zikazikana. Siku hizi watu hawataji makabila, wanasema "wale". Wiki ya mazishi, neno hilo lilianza kusikika kwenye kisima. Mkunga wa wale, ilisemwa, alibipiwa mara kumi na moja, akaendelea kuchagua maharage.

Vahwere hakuweza kulala na jambo hilo. Alichunguza simu mpaka akalijua kosa, kisha akaenda na Hortense kwa mzee Léon. Mbele ya familia nzima akaeleza usingizi wa simu, akawafungulia kurasa moja baada ya nyingine. Wazee walisikiliza kwa adabu. Mzee Léon akamwambia hana haja ya maneno mengi, abipu tu waone.

Fundi akabipu. Simu, ambayo alikuwa ametoka kuishika na kuifungua kwa robo saa nzima, ilikuwa macho. Ililia palepale, kwa sauti kubwa.

Félicité aliinuka, akaingia ndani akilia. Vahwere aliwasihi waiache ilale kidogo ndipo ajaribu tena, lakini watu walikuwa wameshaanza kusimama. Mzee Léon hakupandisha sauti.

"Inasikia," alisema. "Siye wote tumesikia."

Tangu siku hiyo, familia za upande ule hazimwiti tena Hortense. Zamani alizalisha wanawake wanane kwa mwezi. Sasa watatu, wote wa upande wake. Jambo hilo linamuuma kuliko faranga anazokosa, na analisema wazi: mikono yake imekuwa mikono ya kabila, yeye ambaye vita havikumweza.

Vahwere bado anatumia Linux katika simu yake mwenyewe. Lakini akija mtu asiyejua simu, akaomba awekewe, anakataa.

"Ni muzuri kwa mutu kama miye, ikikosa najua kuitafuta," anasema. "Mama hakujua hata kama inaweza kukosa. Telefone ya mutu asiyejua, kama inakufa, ikufe wazi, aone."

Ile simu ya kioo ameifungia katika sanduku la vyuma vyake. Hawezi kuiuza na hawezi kuitupa.

Débora sasa ana mimba ya miezi mitano. Ndiyo nyumba ya saba, yenye mlango wa bati. Hortense alisikia habari kwa wengine, na kesho yake akaanza kupita. Mara moja walikutana uso kwa uso njiani, Débora akageuka na ndoo yake, akarudi alikotoka.

Asubuhi hii, amesimama hapo, simu shingoni inalia mara moja na kukatika. Hortense anaikamata kwa mikono miwili, anaisogeza karibu na macho.

"Ni Papa Aimée," anasema baada ya kuitazama. "Kila siku saa mbili ananibipe, aone kama nasikia."

Anairudisha kifuani. Kwa saa zote zinazobaki za siku, mara nyingi hakuna mwingine anayembipu. Mpango wake, anasema, ni kuendelea kupita hapa hadi mimba ifike mwezi wa tisa, mvua inyeshe au isinyeshe.

"Siku yake ikifika, asinibipe," anasema. "Afungue tu mulango. Atanikuta."

Anakohoa tena, na kungoja. Ndani ya ua mtu anafagia. Ufagio unasimama kidogo, kisha unaendelea.