Huyu Ni wa Ukoo Gani?

Nafundisha baiolojia Handeni, na mdomo wangu haujui kengele ya kutoka. Juzi nilikwenda Manundu kuposa, nikiwa na shangazi yangu, dada yake baba. Tukiwa barazani, senene akatua gotini kwangu.

Baba wa binti akatutazama. "Na huyu uliyekuja naye, ni wa ukoo gani?"

Nikafurahi: mkwe anapenda wadudu!

"Watu humdhania panzi, mzee, lakini ukoo wake uko karibu zaidi na nyenje. Vipapasio vyake ni virefu. Tena ni jike, tazama alivyochomoza nyuma!"

Baraza zima likageuka kumtazama shangazi.

Shangazi akajifunga kanga upya. "Malizia, mwanangu. Mwambie ukoo huohuo ndio wako."