Programu ya picha kubwa ilivyonifutia kovu la mama

Wakuu, salamu kwenu nyote. Haya sikuambiwa na mtu, yalinipata mwenyewe. Shule niliacha darasa la sita, mnivumilie maandishi.

Nyumba yetu kule Borabu ilichomwa wakati wa vita vya mpakani. Mama alirudi ndani kunitoa. Boriti ikamwangukia, akabaki na kovu kutoka kwa nyusi hadi kwa nywele.

Kila kitu kiliungua. Tukahamia Keumbu, mama akauza ndizi. Picha yake ilikuwa moja tu, ndogo, aliyopigwa hapo sokoni na mpiga picha wa kuzunguka. Halafu malaria ikamchukua.

Miaka ya tisini ikielekea kuisha, studio moja Kisii mjini ikaleta kompyuta yenye programu ya kuprinti picha kubwa za kutundika. Si ile ya kuandikia barua! Unaiambia karatasi ni gani, ile nzito kama kitambaa cha pamba, nayo inapima wino wa kila kivuli.

Kwanza fundi, Moseti, akaingiza ile picha ndogo kwa kompyuta, akatoa kipande cha kujaribu wino. Upana wa vidole vitatu. Macho ya mama na lile kovu.

Wakuu, nilimuona. Nusura nimsalimie.

Kaka yangu mkubwa Nyakundi, ambaye ndiye alikuwa analipa, akasema, "Hilo kovu toa. Hii inaenda kanisani Sabato, kwa ibada ya kumkumbuka."

Nikamwambia hilo kovu ndilo mama.

"Wewe mura, kijana mdogo, ulifika darasa la ngapi? Ama kompyuta ni yako?"

Moseti akacheka. Kovu likaenda, makunyanzi yakaenda, hata weusi wake ukapungua. Akaisevu juu ya ile ya kwanza. Kile kipande akapangusia wino mezani.

Picha ndogo Nyakundi alienda nayo Nairobi. Nikimuuliza, ananijibu, "Ilipotea tukihama nyumba huku Nairobi." Basi. Nawataja kwa majina kwa sababu mpaka leo hakuna aliyeniambia pole.

Ile kubwa iko ukutani kwangu, wino haujafifia. Watoto wangu wanajua huyo ni nyanya yao. Mimi naona mama wa watu wengine, mrembo sana.

Funzo: kabla fundi hajagusa kitu, mwambie aprinti moja vile ilivyo, uondoke nayo.

Na kama mko na picha za zamani za soko la Keumbu, angalieni nyuma ya watu wenu, kwa wale mama wa ndizi. Mkiona mmoja ana kovu kwa uso, hata awe mdogo kama punje, msisafishe. Nitumieni hivyo hivyo.