Jino Langu Kwenye Muthokoi

Nimewacheka wengi, basi leo ni zamu yenu kunicheka mimi.

Daktari wa meno hapa Machakos mjini alinitengenezea jino la bandia la mbele, lenye waya mdogo wa kulishikilia. Lilipoanza kulegea akaniambia nirudi alikaze. Nikapuuza. Nilikuwa na kazi ya kutabasamu: mimi ndiye msemaji siku tuliyoenda Kathiani kumposea mpwa wangu Mutua msichana aitwaye Mwende.

Wakwe walituandalia bakuli kubwa la muthokoi, yale mahindi yetu meupe yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Kwa heshima nikaambiwa nipakue wa kwanza. Nikainama, nikapiga chafya, jino likatumbukia. Haya, tafuta jino kwenye mahindi! Nilikoroga mpaka watu wakaanza kutazamana, kisha nikaketi, mdomo nimeufunga kama mlango wa benki Jumapili.

Bakuli likazunguka. Watu wakala, mimi kimya.

"Mzee, mbona husemi?" baba yake Mwende akauliza. "Ama mmebadilisha nia?"

Nikatikisa kichwa kwa nguvu. Mutua jasho lilikuwa linamtiririka.

Hapo mama yake Mwende akaacha kutafuna. Akatoa kitu mdomoni, akakigeuzageuza kwenye mwanga.

"Hii punje moja imekataa kuiva," akasema. "Na iko na waya."

Kicheko kikanishinda. Nikakiachilia, na pengo langu likaonekana mpaka jikoni.