Waseme Alikuwa Bado Mdogo

Enzi zetu, na ninyi wenzangu mliochapwa viboko kwa kuchelewa shamba la shule mtanielewa, mbwa hakuwa na shampuu. Alikula ukoko wa ugali wa udaga wa muhogo, akalamba na sufuria, na giza likiingia alilala mlangoni pa zizi. Siku hizi naona vijana wa Tarime mjini wanamwogesha mbwa mpaka ananukia kama bibi harusi, halafu mwizi akija, mbwa anakimbilia uvunguni. Haya, maendeleo.

Kwetu kulikuwa milimani, upande wa Gorong'a. Mji wetu, yaani boma letu, ulikaa peke yake, na kwenda kwa jirani ilibidi uvuke bonde. Mambo ya mbwa yalikuwa ya Bibi, mama yake Baba. Mbwa jike akipata joto la kwanza, Bibi alimfungia kwenye kibanda cha ndama mpaka lipite. La pili, hivyo hivyo. La tatu ndipo alimfungulia, kwa kuwa hapo mbwa amekaribia miaka miwili, nyonga zimekaza na maziwa yatatosha. "Kupata joto si kukomaa," alikuwa akisema huku anakoroga uji wa ulezi. Hatukumbishia. Watoto wa mbwa wake walikuwa wanene, wananing'inia kwenye chuchu kama kupe.

Kisha tukahamishiwa kijiji cha ujamaa. Nyumba zikapangwa mistari, mlango kwa mlango, ukipika nyama mtaa mzima unajua. Sisi watoto tulifurahi mno, maana tulipata watu wa kutosha kucheza rede mpaka tuitwe kwa fimbo. Bibi hakufurahi. Majirani walisema anaringa na mbwa wake, naye akamwita mbwa mpya Waseme, akawa anamwita kwa sauti kubwa wakipita.

Waseme alikuwa mwembamba, rangi ya majivu, na hakuna mbwa aliyelinda kama yeye. Alipopata joto la kwanza, mbwa dume wa kijiji kizima walikuja kupiga kambi uani kwetu. Wakakwaruza kibanda, wakapigana, wakamwaga maziwa tuliyokamua. Bibi akajifunga kanga akaenda mkutano wa kijiji, akasimama mbele ya wanaume.

"Tumeambiwa tuishi pamoja, sawa. Mbwa dume nao wameambiwa? Kila mtu afunge wa kwake."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwenyekiti akasema hilo halimo kwenye ajenda. Mzee mmoja akadakia kwamba mbwa mzuri ni wa kijiji, azae, kila nyumba ipate mlinzi. Watu wakapiga makofi. Baba, aliyekuwa ameinamisha kichwa kwa aibu ya mama yake, akainuka na kuahidi kila jirani mtoto wa Waseme.

Tuliporudi nyumbani akaenda moja kwa moja kibandani.

"Mwanangu, huyu bado mtoto," Bibi alimwambia. "Subiri joto la tatu, nitamfungulia mimi mwenyewe."

"Mama, usinitie aibu tena. Ameshapata joto, amekomaa."

Akafungua mlango.

Waseme alipata mimba akiwa bado anakimbiza vipepeo nasi. Siku ya kuzaa alianza kuhangaika asubuhi, na ng'ombe walirudi kutoka malishoni hajamaliza. Mtoto wa kwanza alitoka amekufa. Waliobaki hawakuweza kupita. Bibi alimpaka samli tumboni, akamkanda, akambembeleza kwa Kikurya kama anavyobembelezwa mwanamke. Baba alisimama pale akimshikia taa ya chemli. Waseme alifia mapajani pa Bibi, macho yake kwa Baba.

Kwetu mbwa akifa hutupwa porini. Baba alichukua jembe akachimba shimo nyuma ya nyumba, na majirani walipochungulia aliendelea kuchimba. Nililia sana, nikapewa kofi kidogo ninyamaze, kama ilivyokuwa desturi.

Mwaka ule ule, baada ya mavuno ya ulezi, wakaja wageni kumposa dada yangu Bhoke. Alikuwa darasa la sita. Walikuwa watu wazito, ng'ombe wao walijulikana mpaka Sirari, na sisi tulikuwa hatuna kitu. Sisi tulikuwa jikoni tukisikiliza. Bhoke alikuwa ameshika mkono wangu mpaka ukauma. Msemaji wao akasema binti amevunja ungo, sasa amekomaa, kinachosubiriwa ni nini?

Halafu tukamsikia Baba.

"Huyu bado mtoto. Rudini na ng'ombe wenu."

Wajomba waligombana naye, na kuna waliokataa kula kwake mpaka anazikwa. Bhoke alimaliza shule, akawa muuguzi, akaolewa alipotaka mwenyewe.

Leo mjukuu wangu akitaka kujua umri wa mbwa kuzaa, anauliza simu, na simu inamjibu vilevile alivyosema Bibi. Sawa, wamejua mapema kuliko sisi. Lakini mimi namkumbuka Baba, mzee mkali yule, aliyekosea mbele ya kijiji kizima na hakungoja kukosea mara ya pili. Wanaume wa namna hiyo nawatafuta siku hizi, na simu haijanionyesha hata mmoja.