Aliyemwambia Chifu Habari za Mateke Tisa

Leo nimejua aliyenichongea kwa chifu.

Ni Rael. Rael huyu huyu aliyenisimamia harusi!

Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa. Miaka ya themanini, enzi za chama kimoja, nilifundisha akina mama mazoezi kwa ukumbi mmoja hapa Eldoret, Rael akitupigia ngoma. Hatua ishirini na nne, nilizipanga mwenyewe: kumi na moja za kucheza, nne za kupumua na kukanda viungo, tisa za karate.

Karate bila kibali ilikuwa kujitafutia balaa. Kwa hivyo yote tuliyaita ngoma, na wanafunzi wenyewe hawakujua.

Siku moja chifu akaja na kufuli. "Mama, hayo mateke tisa ni ya kumpiga nani?"

Tisa kamili! Idadi hiyo tuliijua watu wawili tu. Lakini mimi, kwa ujuaji wangu, nikaamua mlinzi wa ukumbi alihesabu akiwa dirishani. Nikamnyima salamu mpaka akazikwa.

Leo Rael kanialika kwa darasa lake, anakofundisha hatua zangu zile zile. Akawaambia wanafunzi akicheka, "Huyu dada hakutaka kunipisha mbele, ikabidi nimwambie chifu. Hata mimi si nilitaka kufundisha?"

Wakapiga makofi.

Rael akaniita, "Dada, kuja utuonyeshe hatua ya kumi!"

Nikavaa viatu nikatoka.

Sasa niko langoni kwa mjane wa yule mlinzi. Mbwa ameshabweka, mama mwenyewe anakuja.

Jamani, naanza na neno gani?