Bilonda, Mwozesha Maua

Katika mtaa wetu wa Dilala, hapa Kolwezi, mwanamke akishazaa, jina lake la utoto linakwenda kupumzika. Mimi ni Mado, lakini ukija kumuulizia Mado hapa utazunguka mpaka jua lizame. Ulizia Mama Gael, hata kijana wa teksi-moto atakufikisha mlangoni. Jirani yangu wa ng'ambo ya ua, yeye alibaki na jina lake. Wenye adabu walimwita Mama Bilonda, na hapo ndipo palipouma, kwa sababu ukisikia mwanamke wa umri ule anaitwa hivyo, umeshajua kwamba hakupata mtoto.

Marehemu mumewe, mzee Kisimba, karani wa reli, hakumtupia neno baya hata siku moja. Nduguze ndio waliotupa, tena kwa makoleo. Bilonda aliwasikiliza akichambua majani yake ya sombe. Mimi ningewamwagia maji ya kuoshea samaki.

Siku moja tu alinifungulia moyo. Tulikuwa tunapepeta mahindi.

"Mama Gael, mi sitaki nyumba ya étage ya kupanda ngazi. Sitaki hata voiture ya kutembelea. Minataka tu, mbele ya kufa, muntu aniite na jina ya mutoto wangu."

Nikapepeta mahindi mpaka yakabaki hayana hata vumbi.

Sasa, huyu Bilonda alikuwa mtu wa maua. Alizaliwa upande wa Mutshatsha, na kule mvua ikishakaa vizuri, nyasi zinatoa maua, glayeli za porini, za manjano iliyochomwa na jua, zimeinama kidogo. Alipoolewa alikuja nazo Kolwezi, vile vitunguu vyake vya ardhini vimefungwa ndani ya kitenge. Baadaye sista mmoja akampa glayeli za bustani, nyeupe, ndefu, zenye majivuno. Basi Bilonda akaanza kuzioza. Jamani, si kuoza kwa nyanya! Kuoza kwa harusi. Asubuhi, umande ukishakauka, alichukua kijiti cha kiberiti, akagusa unga wa ua la porini, akaupeleka polepole ndani ya ua la masista. Mtaa mzima ulicheka.

"Mama Bilonda, bakwe balishakulipa mbuzi?" tulimuuliza toka ng'ambo ya uzio.

"Mbuzi ya nini? Banilipe mutoto."

Na watoto wa harusi zile hawana haraka. Mbegu inakuwa jani jembamba, jani linakufa, kitunguu kinalala chini kiangazi chote, mvua inakiamsha, kinalala tena. Miaka inapita bila kujua ua litakuwa na sura gani. Kila kitunguu ni mtu wake, hakuna wawili wa kufanana.

Lakini Bilonda alikuwa ameshaona sura anayoingoja. Aliiona ndotoni, na asubuhi alinisimulia akiwa bado na alama za mkeka shavuni. Alikuwa anatembea katika nyasi za Mutshatsha, ukungu umefika magotini, wala miguu yake haikuwa na uzito. Mbele yake kulikuwa na ua moja linakwenda naye, akisogea linasogea, akisimama linasimama. Lilikuwa jeupe kama pemba, ule udongo mweupe wanaopakwa wazazi wa mapacha, koo lake kijani kama ndizi changa, na madoadoa ya kutu shingoni. Hapakuwa na upepo, lakini lilikuwa linatikisa kichwa. Alisimulia hivi mpaka hata mimi, mtu wa makelele, nikaanza kuuona ule ukungu uani kwangu.

Kilichonikasirisha kwake ni ukarimu. Vitunguu vya harusi zake, kabla hata havijatoa ua, alikuwa anavigawa! Kimoja kwa katekista, kimoja kwa Modeste, kijana mchimbaji aliyepanga nyuma ya kanisa, kimoja kwa Micheline wa nyumba ya kona. Huyu Micheline ndiye tuliyemwita Mama Naomie. Bintiye Naomie aliolewa Lubumbashi, na simu zake zilikuwa za kuhesabika.

"Weye uko mujinga?" nikamwambia Bilonda. "Na kama kile cha ndoto yako kiko mu vile unapatia bengine?"

"Kitachanua kwa bengine. Nitakimona kule."

Kiangazi kile fuko akaja. Alipita chini kwa chini, na tulipokuja kushtuka, bustani ya Bilonda ilikuwa ngozi tu ya udongo, chini tupu. Hakikubaki kitunguu hata kimoja. Alikaa chini, mkono wake wote ndani ya shimo, anapapasa. Mimi ndiye niliyelia, kwa sauti, mpaka watu wakafikiri kuna msiba.

Mvua ziliporudi, vile vya kugawa vikachanua. Kwa katekista likatoka jekundu, la kawaida tu. Kwa Modeste la machungwa. Bilonda alikwenda kuyatazama yote, akayasifu, akarudi nyumbani amelegea mabega.

Halafu asubuhi moja naenda sokoni, mvua imeacha ukungu barabarani, malori bado hayajaanza kutimua vumbi, nikapita kona ya Micheline. Mama yangu! Niliangusha beseni. Nikarudi mbio.

"Bilonda! Kuya! Kuya vile uko!"

Alikuja miguu mitupu. Ua lilikuwa nyuma ya uzio wa matofali mafupi, jeupe lile la pemba, koo kijani, madoadoa shingoni. Ukungu ulikuwa umelifunika shina, kwa hiyo lilionekana limesimama juu ya hewa. Bilonda akashika matofali kwa mikono miwili.

"Njo yeye," akasema. Ndiye hasa.

Micheline akatoka na kikombe chake cha chai, anacheka kwa furaha. "Iko muzuri, eh? Anaitwa Naomie. Tangu mutoto wangu aende, nyumba imekuwa kubwa sana. Asubuhi minaongeaka na huyu."

Kwetu jina si mchezo. Ukipewa jina la mtu, nyinyi wawili mnaitana majina, na mmekuwa kitu kimoja; anayekusalimu wewe amemsalimu yeye. Kwa hiyo ua lile lilikuwa limeshapata mama, na mama mwenyewe alikuwa amesimama pale anakunywa chai. Bilonda akainama kidogo.

"Naomie, jambo yako," akaliambia ua, akaenda zake.

Mimi je, ningenyamaza? Jioni nilikwenda kwa Micheline, kitenge nimekifunga kiunoni kabisa.

"Ile maua ni mutoto wa Bilonda! Yeye njo alioza baba na mama yake!"

"Alinipatia na mukono yake. Mi nililima, mi nilimwanga maji. Kintu ya kupewa, habakiombake tena."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniwasha zaidi. "Weye uko na Naomie wa damu! Yeye iko na nani?"

Akanifungia mlango usoni.

Bilonda aliposikia alininunia mimi, si Micheline. "Nani alikutuma?" Basi. Lakini kila asubuhi alipita ile kona, akapangusa vumbi kwenye majani kwa ncha ya kitenge, akaongea na ua maneno mawili matatu, polepole, kama mtu anayeongea na mtoto anayesinzia. Nikipita nyuma yake niliona pazia la Micheline linasogea. Hakumfukuza, wala hakutoka. Ua likanyauka, Bilonda akaendelea kuja kusalimia majani. Majani yakakauka, akasalimia udongo.

Ikafika Juni na baridi yake. Jumapili tulitoka misa ya kwanza, na uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa ukungu na moshi wa nyasi, watu wanatokea na kupotea humo bila kishindo. Nyuma yetu sauti ikaita:

"Mama Naomie! Eh, Mama Naomie!"

Tukageuka. Aliyekuwa anaita alikuwa Micheline.

"Unajiita weye mwenyewe?" wanawake wakacheka.

Micheline hakucheka. Alikuwa anatazama mgongo wa Bilonda, maana Bilonda peke yake hakugeuka. Kwa nini ageuke? Maisha yake yote alisikia wenzake wakiitwa hivyo, na alishajifunza kupita. Nikamshika mkono.

"Banakuita."

"Bananiita nani?"

"Mama Naomie. Ni weye."

"Naomie wa maua iko na bamama babili," Micheline akasema kwa nguvu, uwanja mzima usikie. "Moja alimuzaa, moja anamulea. Jina nikigawa haitaisha."

Bilonda alisimama pale ukunguni, mkono kifuani. Kisha akaitika, lakini kwa sauti ndogo mno, hata ikabidi Micheline amwite tena.