Hukumu Yangu Kibarazani Bwaise

Harufu ya rangi ya mafuta bado hunishtua. Asubuhi tuliyotoka mtaani kwetu Bwaise bila kujua tunakwenda wapi, shati la baba lilinuka rangi hiyo, nami nilikuwa nalia kwa hasira, si kwa woga.

Baba alikuwa fundi wa kuchora mabango, akifanyia kazi kibarazani kwetu. Kiingereza hakukijua, kwa hiyo kabla ya kuchovya brashi alinipa nisome maneno ya mteja. Mimi, msichana wa darasa la sita, nilitoa hukumu: "Sahihi" au "Kosa." Mwenye hoteli aliwahi kunipa sambusa kwa kumwokoa na aibu.

Siku moja akaja mwanajeshi aliyegawiwa duka la Mhindi aliyefukuzwa nchini. Maneno ya bango alikuwa ameyaandika mwenyewe: WE IS OPEN.

"Kosa!" nikapaza sauti, nikiingoja sambusa.

Watu kibarazani wakacheka, kisha kicheko kikakatika ghafla.

"Mutoto nasema mimi hapana jua Kizungu?"

"Afande, huyu mdogo, hajui kitu." Baba akaweka brashi chini, akanivuta nyuma yake.

"Nani nafundisha yeye?"

Kwa fahari, nikataja jina la mwalimu wangu.

"Kesho mimi naleta yeye hapa. Yeye tasema nani najua, mimi ama mutoto."

Kulipopambazuka, baba alikuwa ameshafunga makopo yake ndani ya shuka.

"Baba, tusubiri! Mwalimu atasema niko sahihi!"

"Hilo ndilo ninaloliogopa, mama."

Tukauvuka mji kwa miguu. Jua la utosini lilitukuta Kansanga, upande wa pili wa mji, mbele ya mama mmoja wa Kinubi aliyekuwa akisuka kikapu mlangoni. Aliyatazama makopo, akatutazama nyuso, hakuuliza tulikotoka. "Karibuni, kuna chumba uani," akasema. Baba akaketi sakafuni, akapumua kama mtu aliyetua mzigo.

Shule sikurudi tena. Nimetangatanga miji mingi, nikiuliza kila kitu. Lakini niwaambie ninyi jambo ambalo sikuwahi kumuuliza baba. Nilikuwa mtu mzima lilipoanza kunijia. Wakati sisi tunatandika mkeka katika chumba kile, mwalimu alikuwa kibarazani kwetu, akiulizwa na mwanajeshi yule nani anajua, yeye au mimi. Nyumba yake ilikuwa njiani. Tuliipita alfajiri, taa yake inawaka, wala hatukubisha hodi kumwonya.